Urefu au umbali? Moto uliofichika katika 'fokasi'

Wapo wanaoshikilia kwamba urefu wa fokasi ni urefu wa lenzi yenyewe, ule mwili mweusi unaochomoza mbele ya kamera. Nilibishana na mpiga picha mmoja wa harusi juu ya jambo hili. Nikamwomba apime kwa rula lenzi yake iliyoandikwa 300mm. Ilikuwa fupi kuliko hapo! Sasa hizo milimita 300 ni za nini?

Neno lenyewe lina jibu. Focus ni Kilatini, maana yake meko. Mwaka 1604, Johannes Kepler, mnajimu Mjerumani, alilitumia katika kitabu chake kuhusu nuru kuzitaja nukta maalumu za maumbo kama duaradufu na parabola, na akaeleza kuwa amelichagua kwa ajili ya nuru. Miale ya jua ikipita kwenye lenzi ya kukuza hukutana mahali pamoja, na karatasi ikiwekwa hapo huungua. Meko kwelikweli.

Moto huo ulikuwa umewashughulisha wengine kitambo. Takriban mwaka 984, Ibn Sahl wa Baghdad aliandika risala kuhusu vyombo vya kuunguzia, vioo na lenzi. Aliuliza: lenzi iwe na umbo gani ndipo iunguze kitu kilicho umbali fulani? Hilo si lingine ila swali la fokasi, miaka 600 na ushei kabla ya Kepler.

Tazama basi lugha nyingine. Mjerumani husema Brennweite, yaani umbali wa kuungua. Mfaransa husema distance focale. Mwarabu ana al-bu'd al-bu'ri, na bu'ra ni shimo la kuwashia moto. Wote watatu wanataja umbali. Sisi tumemfuata Mwingereza na 'length' yake, tukapata 'urefu', ndiyo maana watu wanakimbilia kupima mwili wa lenzi. Kwa maoni yangu, 'umbali wa fokasi' ungetufaa zaidi, maana kinachopimwa ni nafasi kati ya lenzi na pale miale inapokutana.

Anayetaka kuhakikisha achukue miwani ya kusomea ya namba +2, aielekeze juani (ati asilitazame jua!), kisha aisogeze mbele na nyuma juu ya sakafu hadi doa la mwanga liwe dogo kabisa. Gawanya mita 1 kwa 2: doa hilo litakuwa yapata sentimita 50 kutoka kwenye kioo.