Kutoka Kipande hadi Kitambulisho: Usajili wa Watu Nchini Kenya

Sheria ya Usajili wa Wenyeji ilipitishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915, katika himaya ambayo miaka mitano baadaye ingeitwa Koloni la Kenya. Vita Kuu vya Kwanza viliichelewesha, ikaanza kutekelezwa baada ya vita kwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa na cheti cha usajili na kukitoa wakati wowote polisi alipokidai. Wazungu na Wahindi hawakuguswa na sheria hiyo.

Cheti hicho, kilichojulikana kote kama kipande, kilitiwa ndani ya kijaluba cha bati kilichofungwa kamba na kuning'inizwa shingoni. Kiliandikwa jina la mwenyewe, kabila na mahali alikotoka, kikapigwa alama za vidole vyake. Sehemu iliyoumiza zaidi ilikuwa ile ya kazi: jina la tajiri, mshahara, siku ya kuanza na siku ya kuachishwa. Bila saini ya tajiri wa zamani, tajiri mpya hakuruhusiwa kumwandika mtu huyo. Aliyeondoka shambani kwa kupigwa au kupunjwa mshahara alihesabiwa mtoro, akasakwa kwa alama zake za vidole, akatozwa faini au kufungwa. Kuvunja mkataba wa kazi, jambo ambalo kwa Mzungu lingekuwa shauri la madai tu, kwa Mwafrika lilikuwa jinai.

Haya yote yalitokana na ardhi. Mwaka huohuo wa 1915 sheria nyingine iliwawezesha walowezi kukodishiwa mashamba ya nyanda za juu kwa miaka 999. Mashamba hayakuwa na maana bila vibarua, na Waafrika waliokuwa na mifugo na makonde yao hawakuwa na haja ya kulimia wengine kwa ujira mdogo. Kodi ya kibanda, iliyodaiwa kwa fedha taslimu, iliwasukuma watoke vijijini; kipande kiliwazuia wasiondoke walikofika.

Upinzani ulianza mapema. Mwaka 1921 Harry Thuku, karani wa simu katika ofisi ya Hazina jijini Nairobi, alianzisha chama kilichopinga kipande, kodi na mpango wa walowezi wa kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika nje ya kituo cha polisi wakitaka aachiliwe. Wazee waliojaribu kuwatuliza wanaume walipoanza kufanikiwa, Muthoni Nyanjiru alisimama, akainua nguo yake na kuwaambia wanaume wampe suruali zao wao wavae gauni lake. Kwa mila za Wakikuyu hakukuwa na tusi zito kuliko hilo. Umati ulisonga mbele, polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilikiri vifo 21. Walioshuhudia walisema waliokufa walikuwa wengi zaidi. Thuku alipelekwa uhamishoni, kwanza Kismayu, na jumla akakaa uhamishoni karibu miaka tisa. Wanaomkumbuka yeye peke yake wanasahau kwamba damu ya siku ile ilikuwa ya watu wasio na cheo chochote.

Kipande kilidumu robo karne nyingine. Askari waliorudi kutoka Burma baada ya 1945 hawakukubali kupigania dola ya Uingereza kisha wadaiwe karatasi barabarani katika nchi yao wenyewe. Mwaka 1947 ikapitishwa Sheria ya Usajili wa Watu, iliyowahusu watu wa rangi zote. Hapo ndipo walowezi walipolalamika kwa sauti kubwa: kuchukuliwa alama za vidole, walisema, kungewafanya waonekane wahalifu. Kwa miaka karibu 30 hawakuiona fedheha hiyo ilipowapata wengine. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, kuanzia 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru walilazimishwa tena kubeba hati za pekee za kusafiria na kufanyia kazi.

Baada ya Uhuru wa 1963 sheria ile ya 1947 haikufutwa. Ilirekebishwa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 wanawake nao wakaanza kusajiliwa. Kitambulisho kikawa ufunguo wa kura, ajira, akaunti ya benki na hata laini ya simu. Maendeleo haya ni makubwa na hayafai kubezwa: mgawanyo wa rangi uliokuwa umeandikwa katika sheria uliondoka, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, kabila au asili.

Hata hivyo, wapo waliobaki mlangoni. Mwaka 1989 serikali iliwaamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wahakikiwe upya, na waliopita wakapewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi, ambayo Wakenya wengine hawakuihitaji. Wanubi, ambao babu zao waliletwa kama askari wa Uingereza na kupewa makazi Kibera, kwa miongo mingi walifikishwa mbele ya kamati za wazee kuthibitisha asili yao kila kijana alipofikisha miaka 18. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi.

Ushindi umekuja jamii moja baada ya nyingine. Wamakonde, walioletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016, wakaanza kupewa vitambulisho mwaka uliofuata. Mwaka huo wa 2017 Wanubi walipata hatimiliki ya ekari 288 za Kibera, na Wakenya wenye asili ya Kihindi wakatambuliwa rasmi kuwa jamii ya 44 ya Kenya. Wapemba wa pwani ya Kenya walitambuliwa mwaka 2023. Februari 2025, akiwa kaskazini mashariki, Rais William Ruto alitangaza mwisho wa uhakiki wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Utekelezaji uko mikononi mwa machifu na maofisa wa usajili, na mwombaji asiye na cheti cha kuzaliwa, au ambaye wazazi wake hawakuwahi kusajiliwa, bado hana karatasi ya kuanzia.