Nyumba Zilizojengwa kwa Mkonge

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka bandari ya Tanga kuelekea Usambara. Mwaka huohuo, kule Kikogwe karibu na Pangani, Richard Hindorf alipanda mkonge alioagiza kutoka Florida. Ilisafirishwa miche 1,000, ikapona 62. Reli ilikwenda kwa kujikongoja: Muheza 1896, Korogwe 1902, Moshi 1911. Mkonge ukaifuata, na mji ukaufuata mkonge.

Novemba 1914 vita vilipita humohumo mjini. Waingereza waliteremsha askari kutoka India, wakatimuliwa na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wengine na nyuki.

Baada ya vita, Independence Avenue na Market Street zilijaa nyumba za Wahindi: duka chini, familia juu, baraza yenye nguzo mbele ili mpita njia asiungue jua. Mwenye nyumba aliishi juu ya bidhaa zake, na paa likivuja, lilimvujia yeye. Kwa macho yangu, hiyo ndiyo siri ya nyumba hizi kudumu, kuliko chokaa wala mawe.

Fedha zilitoka mashambani. Manamba, vibarua wa mashambani, walikata majani, mashine ya korona ikayasaga, singa zikaanikwa na kufungwa marobota, treni ikayashusha bandarini. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000, ikaongoza duniani. Baadhi ya wafanyabiashara waliandikisha majina yao kwa plasta juu ya milango. Jina la manamba hulikuti kwenye ukuta wowote. Makuli na wachukuzi walikuwa na mji wao ng'ambo ya reli, Ngamiani, wenye barabara za namba.

Kisha kamba za plastiki zikaangusha bei. Mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na mwaka 1971 ikafuata zamu ya nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwenye nyumba sasa akawa Msajili wa Majumba, na tangu 1990 Shirika la Nyumba la Taifa. Haki ilikuwepo katika uamuzi ule, sibishi. Lakini mpangaji wa duka hupaka rangi pale mteja anapoona tu. Mfereji wa paani haununui sukari. Boma la Wajerumani limekarabatiwa, likawa makumbusho, nalo halikuwahi kuuza hata kibiriti. Maduka yaliyoujenga mji bado yanasubiri fundi wa bati.