Mfumo Endeshi na Kasoro ya Neno Mbadala

Mpelekee fundi wa mtaani kompyuta iliyogoma kuwaka, na huenda akakuuliza: "Nikupigie window?" Kupiga window ni kufuta diski na kuweka Windows upya. Msemo umekaa vizuri mdomoni, ila unaficha jambo: Windows ni bidhaa moja ya kampuni moja, Microsoft. Aina ya kitu chenyewe inaitwa mfumo endeshi. Wengine husema mfumo wa uendeshaji.

Mimi nashika endeshi. Kitenzi chake ni enda, kikanyambuliwa kuwa endesha, kisha irabu i ya mwishoni ikakigeuza kuwa sifa: chenye kuendesha. Na ndiyo kazi yake. Kibodi, diski, kumbukumbu na kioo havijuani. Mfumo huu ndio unaovigawia zamu, ukaamua programu ipi itumie prosesa sasa na faili likae wapi. Uendeshaji ni jina la kazi, endeshi inatuonyesha mtendaji. Mtendaji huyo ni kama dereva, na dereva si gari: anaweza kushuka akapanda mwingine, gari likabaki lile lile.

Suala la kubadilisha mfumo endeshi limekuwa la haraka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, kwa hiyo kompyuta mpakato nyingi zenye afya zimeachwa njiani. Wenyewe wanashauriwa waweke "mfumo endeshi mbadala", yaani Linux, ambayo kiini chake Linus Torvalds alianza kukiandika Helsinki mwaka 1991. Leo ina sura nyingi: Linux Mint, na Ubuntu ya mwaka 2004, yenye jina la Kibantu lililo ndugu wa neno letu utu.

Neno mbadala ndilo linalonisumbua. Mbadala hukaa mahali pa kingine. Kikija hiki, kile kimeondoka. Anayelisikia hudhani ni lazima aage Windows siku hiyo hiyo, akaogopa. Kumbe anaweza kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, akaijaribu bila kugusa diski. Anaweza pia kuigawa diski, mifumo miwili ikakaa pamoja, naye akachagua kila awashapo. Huo ningeuita mfumo mwenza. Kufuta na kuanza upya ndiko peke yake kunakostahili kuitwa mbadala.

Anza na flashi. Tazama kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka, printa inaitika. Kisha jiulize unafanyia nini kompyuta. Mhasibu ambaye programu yake inakubali Windows pekee asihame. Achukue mfumo mwenza, au abaki alipo. Mwanafunzi anayeandika na kusoma mtandaoni atatoshwa na programu za ofisi za LibreOffice, mrithi wa ile OpenOffice ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004, kwa kuwa leseni yake iliwaruhusu.

Ukiamua kufuta, nakili kwanza faili zako kwenye diski ya nje, uzifungue kwenye kompyuta nyingine uone zinasomeka. Ndipo umwambie fundi apige.