Kutoka kisu hadi seli shina: Miaka 90 ya kuitafutia tiba diski ya mgongo

Mwaka 1932, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts jijini Boston, Marekani, daktari bingwa wa upasuaji William Jason Mixter alimpasua mgongo mgonjwa aliyeumia akicheza kwenye theluji. Alimtoa kinyama kilichokuwa kikibana mshipa wa fahamu, na maabara ikakiandika kuwa ni uvimbe wa gegedu. Daktari wa mifupa Joseph Barr hakuridhika na jibu hilo. Alikilinganisha kinyama hicho kwa darubini na diski ya kawaida ya mgongo, akaona ni kitu kilekile. Wakafukua vipande vya wagonjwa wa zamani vilivyohifadhiwa kama uvimbe, na vingi navyo vikawa ni diski zilizopasuka.

Ripoti ya Mixter na Barr ilichapishwa mwaka 1934, na tangu hapo diski ikabebeshwa lawama ya karibu kila mgongo unaouma. Kila kizazi cha madaktari kimekuja na dawa yake: kwanza kuitoa, kisha kuiyeyusha, na sasa kujaribu kuihuisha kwa seli shina za mtu mzima, yaani seli zinazoweza kugawanyika na kugeuka seli za aina nyingine.

Sindano ya papai

Jaribio la kuiyeyusha lilianzia kwa sungura. Mwaka 1956, mtafiti Lewis Thomas wa New York aliwadunga sungura kimeng'enya kinachotokana na utomvu wa papai. Baada ya saa chache masikio yao yaliyokuwa yamesimama wima yakalegea na kuanguka, kwa sababu gegedu lililoyashikilia lilikuwa limelainika. Daktari Lyman Smith wa Illinois akajiuliza: kama dawa hii inalainisha gegedu la sikio, kwa nini isilainishe diski iliyotokeza? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuwadunga wagonjwa.

Marekani iliidhinisha sindano hiyo mwaka 1982. Wagonjwa wengi walipata nafuu, lakini baadhi yao walipata mzio mkali, na wachache waliishia kupooza. Mwaka 2003 ikaondoka kwenye soko la Marekani.

Kwa nini diski haijitibu

Binadamu ana diski 23, kila moja ikiwa kati ya pingili mbili za uti wa mgongo. Nje kuna nyuzi ngumu, ndani kuna ute mzito uliojaa maji, na ute huo ndio unaobeba uzito wa mwili. Kwa mtu mzima, hakuna mshipa wa damu unaofika katikati ya diski. Chakula na oksijeni hupenya polepole kutoka kwenye mifupa ya juu na chini yake. Sukari ni kidogo, oksijeni ni kidogo, tindikali ni nyingi, na seli zinazoishi humo ni chache. Ndiyo maana mfupa ukivunjika huunga, ila diski ikishakauka hubaki hivyo.

Kutoka Moscow hadi Cleveland

Wakati Smith akidunga utomvu wa papai, mtafiti Alexander Friedenstein alikuwa Moscow akichunguza uloto, yaani ute ulio ndani ya mifupa. Mwaka 1970 yeye na wenzake walieleza kuwa ukiuweka uloto kwenye chombo cha maabara, seli chache hung'ang'ania sakafu ya chombo, hugawanyika na kuunda makundi. Kazi zake zilionyesha kuwa seli hizo zinaweza kutengeneza mfupa. Mwaka 1991 Arnold Caplan wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland, alizipa jina la seli shina za mesenkaima, na mwaka 1999 watafiti wa Marekani wakathibitisha kwamba seli za uloto wa mtu mzima zinaweza kugeuzwa maabara kuwa mfupa, gegedu au mafuta.

Gegedu ndilo lililowavutia wataalamu wa mgongo. Mwaka 2003 Daisuke Sakai na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokai, Japani, waliripoti kupandikiza seli hizo kwenye diski za sungura, na diski zilizopandikizwa zikachakaa polepole kuliko zilizoachwa bila tiba. Mwaka 2012 kundi hilohilo lilionyesha kuwa diski ya binadamu ina seli zake za akiba, lakini hupungua kadiri umri unavyosogea na diski inavyochakaa.

Kwa binadamu mambo yakawa magumu

Mwaka 2006 madaktari wa Marekani waliripoti kuwadunga wagonjwa 10 seli shina za damu. Baada ya mwaka mmoja hakuna hata mmoja aliyepata nafuu. Mwaka 2011 watafiti wa Hispania walitumia seli za mesenkaima zilizotolewa kwenye nyonga za wagonjwa wenyewe, ambao nao walikuwa 10. Maumivu yalipungua ndani ya miezi 3 na maji kwenye diski yakaongezeka kidogo, ila kimo cha diski hakikurudi. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, na anayeumwa mgongo huweza kupata nafuu kwa muda tu, au kwa imani yake katika sindano.

Majaribio makubwa yalipofika, picha ikabadilika. Kampuni ya Mesoblast ya Australia iliwahusisha wagonjwa 404, baadhi wakidungwa seli za wachangiaji na wengine maji ya chumvi. Matokeo ya mwaka 2021 hayakufikia lengo kuu la jaribio. Kampuni ilisema maumivu yalipungua zaidi kwa baadhi ya waliopewa seli, na jaribio jingine likapangwa. Huko Ulaya, jaribio la RESPINE lenye wagonjwa 114 lilitoa matokeo mwaka 2024: waliodungwa seli hawakuwazidi kwa kiwango cha kuridhisha waliopewa sindano ya kuigiza.

Sababu moja inayoweza kueleza matokeo hayo ni kwamba mbegu njema imepandwa kwenye udongo mkavu: seli zinazolelewa vizuri maabara hukuta ndani ya diski mazingira magumu ya kuishi. Nyingine ni shinikizo la ndani ya diski, linaloweza kuzisukuma nje. Mwaka 2012 watafiti walieleza jinsi seli zilizovuja kwenye diski za sungura zilivyohusishwa na vinundu vya mfupa. Caplan mwenyewe aliandika mwaka 2017 akitaka jina la seli shina liachwe, kwa sababu kazi kubwa ya seli hizi mwilini ni kutoa kemikali zinazotuliza na kuamsha tishu nyingine, wala si kujigeuza tishu mpya.

Tofautisha tiba na jaribio

Baadhi ya tiba za seli shina za mtu mzima zimethibitishwa kwa miongo mingi. Upandikizaji wa uloto kwa magonjwa ya damu ni mojawapo, na Hospitali ya Taifa Muhimbili nchini Tanzania ilianza kuutoa mwaka 2021. Sifa hiyo ndiyo inayotumiwa na baadhi ya kliniki duniani kuuza sindano za diski kana kwamba nazo zimeshathibitishwa.

Kumbuka pia kuwa picha ya MRI si hukumu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta dalili za diski kuchakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, na asilimia 96 ya wale wa miaka 80. Kuambiwa diski imechakaa hakumaanishi kwamba hapo ndipo maumivu yanapotoka.

Hivyo, ukiahidiwa diski mpya kwa sindano ya seli shina, uliza mambo matatu kabla ya kutoa fedha: je, hili ni jaribio lililosajiliwa, ni mamlaka gani imeliidhinisha, na kwa nini nilipie? Majaribio halali kwa kawaida hayamtozi mgonjwa gharama ya dawa inayochunguzwa. Na ukianza kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au miguu ikiishiwa nguvu, usisubiri sindano wala miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.