Meza ya Likasi: mwaka wangu wa kwanza chuoni

Wengi mnaniuliza: mwaka wa kwanza mtu anauzoea namna gani? Mnangojea niseme habari ya minerivali, ya ukumbi uliojaa mpaka wengine wanaandika wamesimama, ya bukari ya watu watatu katika sufuria moja. Hiyo yote niliipitia. Lakini hiyo, miezi mitatu tu umeshaizoea. Kilichonisumbua mimi kilikuwa kingine.

Nilitoka Likasi mwaka 2012, nikaenda Lubumbashi, kilomita kama 120, na godoro moja na sanduku. Nikapanga chumba pamoja na kijana wa kutoka Mbuji-Mayi, naye pia wa mwaka wa kwanza. Nikajisifu kidogo: "Miye ni mwana Likasi."

Akacheka. "Na baba yangu vilevile. Alizaliwa kule. Balimufukuzaka."

"We unasema nini?" Nilikasirika kabisa. Wiki nzima nikawa nakula kwa wana Likasi wenzangu, chumbani narudi kulala tu.

Lakini yeye alisema kweli. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitafuta wafanyakazi mbali, na Kasai ilikuwa moja ya sehemu hizo. Reli iliyomalizika mwaka 1928 ikaunganisha Katanga na Ilebo, bandari ya mto Kasai. Mji wetu wakati ule uliitwa Jadotville, jina lililodumu mpaka 1966. Watu wakaja, wakachimba, wakaendesha magari-moshi, wakafundisha shule, wakazaa. Wajukuu wao hawakujua kwao kwingine.

Tarehe 15 Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwana Kasai, kuwa waziri mkuu. Katanga siasa ilikuwa imeshachafuka, na chuki ilichochewa hadharani. Haikupita muda, Likasi nyumba za Wakasai zikashambuliwa, nyingine zikachomwa. Maelfu wakakimbilia kwenye gare na mashuleni, wakangojea treni siku na siku, watoto wakifa kwa magonjwa na njaa. Mimi gare ile niliipita miaka yote ya utoto wangu. Hakuna aliyeniambia kitu.

Mwaka huohuo wa kwanza tulikuwa na somo la uhakiki wa historia. Mtihani wa kwanza nilianguka vibaya, kosa langu mwenyewe: nilikariri silabusi yote kama katekisimu. Kumbe somo lilitaka kitu kingine. Shahidi akisema, unamuuliza: ulikuwa wapi? Uliona kwa macho ao ulisikia? Ulipata faida gani kwa jambo hilo? Nilipolielewa hivyo, nikaona sina njia ya kuepa kumuuliza baba yangu.

Noeli nikarudi nyumbani. Tulipomaliza kula nikasema, "Baba, 1992 ulikuwa wapi?"

Alinyamaza sana. Mama akaondoa sahani, naye pia bila neno. Mwishowe baba akasema, "Tulikuwa hapahapa, mutoto wangu. Jirani aliuzisha vitu vyake mbio-mbio, juu ya kwenda gare. Ile meza ulisomeaka, njo yabo. Nililipa feza kidogo sana."

"Ulimusaidia?"

"Nilinunua meza," akajibu. Hakuongeza.

Ni juu ya meza ile nilitayarisha diploma yangu ya serikali. Bila hiyo pengine nisingefika chuoni. Usiku ule nilikaa mbele yake, sikuandika hata mstari.

Niliporudi Lubumbashi nikamweleza mwenzangu yote. Nilifikiri atatoka chumba. Aliuliza tu meza ni ya mti gani, na kama ina droo. Sikujua kwa nini, naye hakunieleza. Tangu siku ile tukaanza kusoma pamoja. Kipindi cha pili nikapita, naye akanipita kwa pointi nyingi sana.

Sisemi hayo ili wana Likasi wajione wabaya wote. Kulikuwa na Wakatanga waliowaficha majirani wao, nao pia historia yao haijaandikwa vya kutosha. Ninasema kwa sababu wengi wetu, tukifika chuo, tunatafuta kwanza watu wa kwetu, tunafunga mlango, na hapo tunaita kuzoea. Vyakula, minerivali, joto la ukumbi, utazoea bila mimi kukufundisha. Kukaa na mtu anayeujua mji wako kwa upande ambao nyumbani hawakukuonyesha, hapo utahitaji moyo.

Na ninyi wakubwa wa chama mliokuwa Likasi 1992: semeni, vijana wakiwauliza. Baba yangu amezeeka sasa. Lile jina la jirani wake nimemuuliza mara mbili, na mara mbili amesema atalikumbuka kesho.