Isimila na umri wake uliopunjwa

Mwongoza wageni ameinua shoka la mkono, jiwe lenye umbo la chozi lililochongwa pande zote mbili hadi likawa na makali. "Miaka elfu sitini," anasema. Simu zinatolewa, picha zinapigwa. Nami nanung'unika, kama kila nifikapo Isimila, korongo la zana za mawe za kale, kilomita 20 hivi kutoka Iringa kwa barabara ya Mbeya.

Hizo 60,000 ni hesabu ya zamani. Mifupa ya hapa ilipimwa kwa njia ya urani, na majibu yaliyochapishwa mwaka 1972 yakasema takriban miaka 260,000. Tumepunja laki mbili! Nilipomgusia kijana huyo anayetuongoza, alicheka: "Mzee, sisi tunasema tulivyofundishwa."

Sipendi pia lile la "kugunduliwa". Vitabu vinasimulia kwamba mwaka 1951 mwanafunzi aliyekuwa safarini kutoka Nairobi kwenda Johannesburg, Maclennan, aliokota zana hapa. Sawa, aliokota. Lakini kana kwamba Wahehe, wenyeji wa hapa, walikuwa wakipita korongoni wamefumba macho. Kazi yenyewe ilikuja 1957 na 1958, F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago alipochimba na wenzake. Walipata hadi mifupa ya kiboko wa aina iliyokwishatoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kama darubini. Kiboko, katika korongo ambalo kiangazi halina hata maji ya kunawa! Hapa palikuwa na ziwa dogo.

Zile nguzo maarufu zilizosimama korongoni ni mchanga na matope ya ziwa hilo. Pitisha kidole taratibu: chembe zinabaki mkononi. Maji ndiyo yaliyoyatandaza, na maji ya mvua ndiyo yanayozichonga na kuziangusha.

Mgeni mmoja akauliza kama yale majabali ya Iringa mjini yaliletwa na barafu, kama ya Ulaya. Hapana. Gangilonga, jabali mojawapo la hapo mjini, ni granaiti ya papo hapo; hali ya hewa imeimenya ganda baada ya ganda, kama kitunguu. Mawe ya barafu Nyanda za Juu Kusini tunayo, ila yatafute bonde la Ruhuhu, upande wa Ludewa, chini ya tabaka za makaa ya mawe: kokoto na matope yaliyogandamana, yaliyoachwa na barafu miaka karibu milioni 300 iliyopita, Afrika ilipokuwa bado imeungana na Amerika Kusini na Antaktika. Mbele ya hayo, Isimila ni ya juzi.



Ukienda, vaa viatu vinavyoshika, na jiwe utakaloliokota lirudishe palepale. Ukisikia 60,000, bisha.