Mashini ya kupima bongo: inaweza kukamata mwongo?

Wakaaji wengi wa Kamina wakisikia ya kwamba kuko mashini inayopima bongo kusudi ijulikane nani anasema uongo, wanajibu palepale: basi iletwe kwa polisi, wezi wote watajulikana! Lakini ile mashini haioni uongo. Inaona kitu kingine, na hatari iko pale.

Bongo ya kila mutu inatoa umeme mdogo sana. Munganga Mjerumani Hans Berger aliupima kwa mutu mara ya kwanza mwaka 1924, na mpaka leo hospitali zinautumia kwa kuchunguza kifafa. Mwaka 1965 Samuel Sutton na wenzake, kule Marekani, walionyesha ya kwamba mutu akiona kitu kisichotokea mara nyingi lakini chenye maana kwake, wimbi linapanda katika bongo yake kisha karibu sekunde moja ya tatu. Linaitwa P300.

Tuchukue mfano. Magunia ya mahindi yameibiwa karibu na gare, na mwizi ameacha kamba ya bluu. Mshukiwa anavalishwa kofia yenye nyaya, anaonyeshwa picha za kamba: nyeusi, nyekundu, nyeupe, bluu. Wimbi likipanda kwenye ya bluu, wanasema anaitambua. Sawa, lakini mlinzi aliyeiokota anaitambua pia. Mama aliyeiuzisha vilevile. Na hapa kwetu, mbele ya saa ine asubuhi soko lote limekwisha kusikia habari ya ile kamba! Kujua si kutenda. Tena mwizi aliyekuwa amelewa, asiyeangalia kamba, anaweza kupita bila wimbi. Mwaka 2004 Peter Rosenfeld na wenzake wa Marekani walionyesha ya kwamba hata hila ndogo, kama kuchezesha kidole cha mguu kwa siri wakati picha zingine zinapita, inavuruga kipimo.

India walikwenda mbali zaidi. Mwezi wa sita 2008, tribinali ya Pune ilimhukumu mwanafunzi mwanamke kifungo cha maisha kwa kuua mutu kwa sumu, na kipimo cha bongo kilihesabiwa kati ya ushuhuda. Alisomewa maneno kama vile kwamba alinunua sumu, yeye akinyamaza, na mashini ndiyo ikajibu kwa niaba yake. Tarehe 5 mwezi wa tano 2010, Tribinali Kuu ya India ilikata: hakuna mutu wa kupimwa kwa nguvu, na hata akikubali, matokeo yenyewe si ushuhuda.

Kwetu Kongo, sheria ya adhabu inakataza zamani kumtesa mutu kwa majaribio ya kishirikina kusudi aonekane ana kosa. Kofia ya nyaya haiumizi mutu, kwa hiyo si jambo moja kabisa. Lakini kwa mshukiwa, kifungu cha 17 cha Katiba ya 2006 kinabaki palepale: anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itolewe, na hukumu hiyo inatoka kwa juji.